Kipaza na Kijumba cha Kimya

Siku Kipaza alipozaliwa, mkunga aliziba masikio kwanza, ndipo akakata kitovu. Ndivyo anavyosimulia dada yake mkubwa, na yeye alikuwepo, amejibanza nyuma ya mlango na kidole mdomoni. Mtoto alilia mara moja tu, ng'ombe wakavunja uzio. Baba yao, aliyekuwa chini kabisa kwenye mpaka wa shamba, aliweka jembe begani akasema, "Huyo keshafika."

Jina alilopewa na baba lilidumu mpaka alipoanza kusema. Baada ya hapo majirani walimwita Kipaza, kama kipaza sauti, na haukupita muda hata baba mwenyewe akalisahau lile la kwanza. Hakuwa mtoto mkali wala mgomvi. Sauti tu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko mwili. Akikusalimia asubuhi, ulitoka mbio ukidhani nyumba yako inaungua. Akienda kutoa pole msibani, wafiwa walishtuka wakasahau kulia. Shuleni mwalimu alimkalisha nje, chini ya dirisha, na bado alipojibu swali la hesabu, darasa la jirani liliandika jibu.

Kwao ni mlimani, shamba lililoshikilia mteremko kama mbuzi. Kabichi juu, viazi chini, ng'ombe popote wanapopata pa kusimama. Kwenye njiapanda ya kuingilia pana kibao. Zamani ofisa mmoja alipanda hadi pale akiwa na fundi rangi, wakasimika kibao kilichoandikwa SHAMBA LA KIHISTORIA. Chini ya maneno hayo waliacha nafasi kubwa ya kuandika historia yenyewe, lakini fundi aliishiwa rangi. Ofisa akasema watarudi. Hawakurudi. Ukoo ukabaki na historia bila kujua ni ipi. Baba yao alisema ni kwa sababu ya fahali fulani. Mama yao alisema ofisa alikuwa amepotea njia, na kwa vile alishabeba kibao, aliona uvivu kukirudisha.

Kitu cha zamani hasa kilikuwa kijumba cha mbao huko juu, mwisho wa shamba, msitu unapoanzia. Alikijenga babu yao, ambaye naye alikuwa na koo kama hilo. Bibi alichoka siku moja akamwambia, "Mume wangu, panda mlima huu mpaka nisikusikie, ukifika hapo ujijengee." Babu akapanda, kila baada ya hatua kadhaa akigeuka na kuuliza, "Unanisikia?" Bibi, kutoka mlangoni, akajibu, "Nakusikia!" Alipofika pale msituni aliuliza, hakujibiwa. Akashusha shoka, akajenga. Walikaa hivyo msimu mzima, wakitembeleana kama wachumba, hadi bibi alipomwambia ukweli: alikuwa anamsikia vizuri tu, ila alichoka kujibu.

Mtu mwenye koo la namna ile hana njia nyingi za kupata riziki. Kipaza aliajiriwa kuwa mnadi kwenye mnada wa mifugo, kule bondeni, na hapo akawa kama samaki aliyetiwa majini. Alisimama juu ya pipa, akamsifia fahali mbovu mpaka mwenye fahali akatamani kumnunua tena. "Tazameni pembe! Tazameni nundu! Nani anaongeza? Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Watu wa milima ya ng'ambo walinunua ng'ombe wakiwa wamekaa majumbani kwao. Waliitikia tu kwa kupiga kelele, kisha wakatuma mtu kuja kumchukua ng'ombe.

Na ndoa yake aliipata kwa koo hilohilo. Alimpenda binti mmoja wa ng'ambo ya bonde, fundi cherehani mwenye shingo ndefu, lakini aliona haya kwenda kwao. Asubuhi moja akasimama juu ya jiwe, akakusanya viganja mdomoni, akauliza kama angekubali kuolewa naye. Bonde zima likatulia tuli. Kisha, si kutoka upande wa fundi cherehani bali kutoka kilima cha kulia, ikaja sauti nyembamba ya msichana mwingine kabisa: "Nakujaaa!"

Na kweli akaja. Alifika jioni na begi, kuku kwapani, na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Kipaza hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba swali halikuwa lake. Wakaoana, wakapendana, wakazaa, na mpaka leo mwanamke huyo anaitwa Nakuja. Watoto walipokuwa wakubwa ndipo alipomwambia mumewe kwamba siku ile alijua fika nani anaulizwa. "Nilimpa nafasi yule wa cherehani ajibu," alisema. "Akakawia."

Basi, mambo yalikwenda vizuri hadi mnada uliponunua spika za umeme. Wakawashindanisha. Kipaza alizishinda spika, na moja ikapasuka kwa kujitutumua, lakini mkubwa wa mnada akasema spika hazinywi chai wala haziugui. Kipaza akashuka kwenye pipa, akapanda mlima kurudi kwao, akawa mtu wa kabichi. Wa kunadiwa walibaki ng'ombe wake tu. Kila jioni aliwaita kutoka malishoni, kila mmoja kwa sifa zake, nao wakaja. Waliitikia sauti yake peke yake. Ukiwaita wewe wanakutazama tu, kama mtu aliyeulizwa saa na mlevi.

Wakati huo dada yake mkubwa naye alikuwa amestaafu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mwanamke mrefu aliyetembea kama anayekagua vitanda. Wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Alikizunguka kile kijumba, akapapasa mbao, akasema, "Watu wa mjini wanatafuta kitu kama hiki. Tutakipangisha." Binti wa Kipaza na Nakuja, aliyekuwa akifanya kazi mjini, akaweka picha mtandaoni, na maneno akayatunga Dada Mkubwa mwenyewe. Aliyasoma kwa sauti sebuleni, miwani kwenye ncha ya pua:

"Kijumba cha mbao, mlimani, ndani ya shamba la kihistoria. Upweke mtupu. Hutaona mtu, hutasikia mtu."

"NA SISI?" aliuliza Kipaza. Vikombe vikagongana kabatini.

"Sisi nini?"

"SISI SI WATU?"

"Kuanzia Ijumaa si watu," alisema Dada Mkubwa. "Mgeni wa kwanza anaingia Ijumaa."

Nakuja aliweka kikombe chini. "Wifi, tutaishi vipi shambani kwetu bila kuonekana?"

"Kama panya wanavyoishi. Umewahi kuwaona? Na wapo."

Wakaanza mazoezi. Dada Mkubwa alisimama juu kule kijumbani, mkono umezuia jua, na wao wakatakiwa kufanya kazi zao zote bila yeye kuona hata unywele. Akimwona mtu, anapuliza filimbi yake ya bwenini. Nakuja alijifunza kupalilia akiwa amelala kifudifudi. Kengele za ng'ombe zilijazwa matambara. Jogoo alipelekwa kukaa kwa jirani kwa muda, akaondoka kwa matusi. Tatizo lilikuwa Kipaza. Alijaribu kunong'ona, na huo mnong'ono ukasikika barabarani. Mwishowe Nakuja alimshonea mto mdogo wenye kamba, akauvaa shingoni kama bibu ya mtoto. Akitaka kusema neno, anauinua mto, anazamisha mdomo, anasema, anaushusha.

"Unajisikiaje?" Nakuja alimuuliza.

"Mmmfmfm," alisema Kipaza ndani ya mto.

"Amesema anajisikia vizuri," Nakuja akamtafsiria wifi yake, ingawa yeye aliyaona macho ya mumewe, na hayakusema hivyo.

Mgeni alifika Ijumaa mchana. Alikuwa daktari wa meno, mwanamume mnene wa wastani mwenye kofia ya kitambaa na masikio yaliyochoka. Siku nzima, mwaka hadi mwaka, watu walikuwa wakimfungulia kinywa na kumwambia "aaaa", huku mashine ikilia mkononi mwake. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayefungua kinywa. Ufunguo aliambiwa ataukuta chini ya jiwe, na hakuna atakayempokea.

Lakini alikuwa mtu aliyelelewa. Alipofika penye nyumba kubwa alisimama, akavua kofia, akaita, "Hodi!"

Katikati ya kabichi, Kipaza, Nakuja na Dada Mkubwa walikuwa wamelala chali, kila mmoja na jani usoni.

"Hodi hapa!"

Kipaza alishika kabichi kwa mikono miwili. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia hodi akaiacha ining'inie hewani. Mishipa ilimtoka shingoni. Neno "karibu" lilikuwa limeshapanda, limefika kooni, linagonga meno kwa ndani. Nakuja aliliona hilo, akamrukia mumewe, akamkandamiza mto usoni kwa mikono yote miwili na goti.

"Hodi wenyewe," alisema daktari mara ya mwisho, sasa kwa unyonge. Akavaa kofia, akapanda kwenda kijumbani. Kipaza alipoachiliwa alikuwa na machozi. Kwa ndani ya mto alisema kitu kirefu, na Nakuja hakukitafsiri.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Walidhani daktari angekaa barazani atazame miti, kumbe alikuwa mtembezi. Alishuka kwenye viazi, wao wakakimbilia kwenye kabichi. Alikwenda kwenye kabichi, wao wakatambaa hadi zizini. Dada Mkubwa alishinda nusu siku ndani ya pipa la maji ya mvua, bahati nzuri halikuwa limejaa. Walikula kwa zamu chini ya meza kwa sababu dirisha la jikoni lilitazama njia.

Asubuhi moja Nakuja alikuwa anatoka chemchemi na ndoo, akakutana na daktari uso kwa uso penye kona. Hapakuwa na kichaka, hapakuwa na shimo. Nakuja akafanya jambo pekee lililomjia akilini: alinyoosha mikono pembeni, akakodoa macho, akasimama kama sanamu ya kutishia ndege. Ndoo ilining'inia kwenye vidole vya mkono mmoja.

Daktari alimtazama. "Habari za asubuhi, mama," alisema.

Nakuja hakupepesa hata kope.

Daktari aliitazama ndoo, ilikuwa inadondosha maji. Akarudi kinyumenyume taratibu mpaka kona ikamficha. Kesho yake Dada Mkubwa, akiwa kwenye pipa lake, alimwona anapita kwenye shamba la viazi. Daktari alisimama mbele ya ile sanamu ya kweli, ya vijiti na shati kuukuu, akaivulia kofia akaisalimia kwa heshima, akangoja.

Na ng'ombe nao walikataa. Jioni ilifika, hakuna aliyewaita, wakaona labda kwao pamehama. Wakapanda juu kutafuta dalili za watu, wakakikuta kijumba, wakasimama kukizunguka, pua madirishani. Daktari alikunywa chai yake akitazamwa na nyuso za ng'ombe kila upande. Siku hiyo alituma ujumbe kwa simu ya Dada Mkubwa. Ulisema hivi: "Samahani kwa usumbufu. Je, shambani hapa kuna watu? Leo kabichi zimepiga chafya."

Dada Mkubwa alijibu: "Hapana."

"Dada," Kipaza alisema ndani ya mto wake, kwa namna ambayo sasa hata dada yake aliielewa, "yule mtu atarukwa na akili."

"Amelipia upweke, mdogo wangu, apewe upweke. Mimi sijawahi kudanganya kwenye tangazo."

Halafu ukaja ukungu. Ukungu wa mlima ule haupigi hodi. Unakuta umeanika nguo, ukigeuka huoni kamba. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Dada Mkubwa, ambaye hakuacha ukaguzi hata siku moja, alikuwa amepanda kuchungulia kijumba akakuta mlango uko wazi, fimbo haipo, buti hazipo, na alama za buti zimeelekea juu, kwenye mgongo wa mlima. Upande wa pili wa mgongo ule kuna genge. Mbuzi wa watu wameshaanguka pale, nao wana miguu minne na wamezaliwa palepale.

Aliteremka mbio, akapita mlangoni bila kujificha. "Mgeni yuko juu! Yuko kwenye ukungu!"

Kipaza akasimama, mkono umeshashika kamba ya mto.

"Ngoja!" Dada Mkubwa alimshika bega. "Tumemwahidi hatasikia mtu. Ukipaza sauti, atalalamika."

"Na akianguka gengeni," alisema Nakuja, "atalalamika kwa nani?"

Dada Mkubwa alifikiri. Ndiyo, alisimama pale akafikiri kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa kanuni na kanuni haikuwa imezungumzia ukungu. Mwishowe akasema, "Basi mwite kwa heshima."

Kipaza alivua mto akamkabidhi mkewe. Akapanda juu ya lile jiwe alilochumbia juu yake, akakusanya viganja mdomoni, akavuta pumzi. Hapo ndipo akakwama. Amwite nani? Jina la mgeni hakulijua, alijua kazi yake tu. Na aseme nini? Koo lile lilikuwa limezoea maneno ya aina moja, nayo yalikuwa yamefungiwa siku zote zile ndani ya mto. Alipofungua mdomo, yakatoka yenyewe.

"HAYA HAYA HAYAAA! NINAYE HAPA DAKTARI WA MENO! MMOJA TU! MWENYE AFYA, MWENYE BUTI, MWENYE KOFIA! TAZAMENI KIFUA! NANI ANAANZA?"

Nakuja akashika kichwa. Dada Mkubwa akakaa chini, palepale kwenye umande.

Kisha kutoka ng'ambo ya bonde, mahali pasipoonekana, sauti ya mwanamke mmoja ikajibu, "Umesema wa meno?"

"WA MENO, MAMA!"

"Natoa mbuzi!"

Ng'ambo kule watu hawakuwa na daktari wa meno. Wapo waliokuwa wametafuna upande mmoja tangu ujana wao. Mnada wa Kipaza waliujua, hawakuusikia siku nyingi, na sasa ulikuwa umerudi na kitu wanachokihitaji. Milango ikafunguliwa. "Mbuzi na kuku!" akaita mwanamume mmoja, huku ameshika shavu, maana maneno yalitoka yamevimba. "Mbuzi wawili!" akasema mwingine wa juu zaidi.

Daktari wa meno alikuwa amekaa kwenye nyasi katikati ya weupe, haoni hata magoti yake. Alikuwa ameshaanza kumwomba Mungu msamaha wa makosa madogomadogo. Ghafla akasikia kutoka chini, kutoka juu, kutoka kila mahali, sauti inamtangaza yeye mwenyewe kwamba anauzwa. Alidhani ameshakufa. Lakini aliposikia kwamba thamani yake ni mbuzi wawili, kitu kikamchoma moyoni. Alikuwa amesoma miaka mingi.

"Watatu!" alipiga kelele.

Kipaza aligeuza sikio haraka. "NAMSIKIA MNUNUZI MPYA! YUKO KUSHOTO! MNUNUZI, SOGEA KULIA UONGEZE!"

Daktari akainuka, akasogea kulia. "Watatu na kuku!"

"SAFI! TEREMKA, UTAPATA KWA BEI NZURI!"

"Ng'ombe!" akapiga ukelele yule mama wa ng'ambo, kwa hasira. "Natoa ng'ombe, jino linaniua!"

"NG'OMBE KUTOKA NG'AMBO! MNUNUZI WA KUSHOTO ANASEMAJE? TEREMKA, BABA, TEREMKA! HAPO KUNA JIWE, LIZUNGUKE! NANI ANAONGEZA?"

Kila bei iliyotajwa ilimwonyesha Kipaza mtu yuko wapi, na kila jibu lilimvuta daktari hatua kadhaa mbali na genge. Alijikwaa, akateleza kwa makalio, akatoa fahali ambaye hakuwa naye. Ng'ombe waliokuwa kijumbani nao walikuwa wameisikia sauti yao. Wakaja wakikimbia, kengele kimya, wakamzingira, na daktari akashuka katikati yao akiwa ameshika mkia wa mmoja na kunadi kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo.

Ng'ambo hawakukubali kushindwa. Walishafikia ng'ombe wawili na mtumbwi wa kunyweshea mifugo. Daktari hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Alisimama akivuta pumzi, akatoa alichokuwa nacho.

"Meno!" aliita. "Nikijinunua mwenyewe, nawatibu meno yote ya ng'ambo, bure!"

Kisha yule mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshauriana na wenzake, "Muuzie!"

"MARA YA KWANZA! MARA YA PILI! MARA YA TATU! KAUZWA KWA MWENYEWE!"

Na ukunguni zikatokea kwanza pembe, halafu kofia. Daktari alisimama mbele yao, tope mpaka kiunoni. Alimtazama Kipaza juu ya jiwe. Alimtazama Dada Mkubwa, ambaye kwa mazoea alikuwa anatafuta pipa. Alipomwona Nakuja aliruka kidogo.

"Mama," alisema, "wewe ni mtu?"

"Ni mtu, daktari. Tusamehe. Habari za asubuhi ile."

"KARIBU!" akasema Kipaza, na neno hilo lilikuwa limekaa ndani siku nyingi kiasi kwamba lilimpeperusha daktari kofia. "KARIBU SANA! KARIBU NDANI!"

Daktari akaketi jikoni kwao, juu ya kiti, mezani, wakala wote wakiwa wanaonekana. Hakuacha kuongea. Aliwaambia kwamba siku ya pili tu alikuwa ameanza kujiuliza kama watu wamekwisha duniani na yeye hakuambiwa. Alimwomba Kipaza afungue kinywa amwangalie koo, kwa hamu ya kitaalamu. Nakuja akafungua madirisha kwanza ili vioo visipate taabu, wote wakainama. "Sema aaaa," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akajuta kusema hivyo. Aliporudi kitini alisema, "La kawaida kabisa. Dogo hata." Jambo hilo lilimuumiza Kipaza kidogo.

Kesho yake ng'ambo walifika na mashavu yao. Foleni ilianzia kwenye baraza la kijumba ikapita kwenye kabichi hadi njiapanda. Likizo iliyobaki daktari aliimaliza akitazama vinywa, akitumia vifaa vichache alivyokuwa navyo kwenye begi, na wenye meno mabovu zaidi akawaandikia waje kwake mjini. Yule mama wa jino alileta ng'ombe kweli. Ilibidi wamweleze taratibu kwamba hakushinda mnada.

Daktari aliporudi kwake aliandika maoni mtandaoni, watu wote wayaone: "Kimya hakuna. Watu ni wengi, wapo hata ndani ya mapipa. Niliuzwa. Nitarudi."

Dada Mkubwa aliyasoma akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bwenini. Alisema jina la ukoo limekwisha. Lakini alipoamka simu ilikuwa inalia, na ikaendelea kulia. Walikuwa ni watu wanaouliza kama kijumba kina nafasi, na kama mnadi anapatikana. Walitaka kuuzwa. Karani mmoja alisema kazini kwake hakuna aliyewahi kumtaja kwa sifa hata moja, angependa asikie ana kifua.

Kipaza alikataa. "SINADI MTU ASIYEPOTEA," alisema. Mnada ni kazi, si mchezo, na bidhaa lazima iwe na sababu ya kuwepo. Dada Mkubwa alimbembeleza, akagonga mwamba. Matokeo yake ni kwamba wageni walianza kupotea makusudi. Unamwona mtu na suti nzuri amejikunja nyuma ya kichaka, hatua chache kutoka njiani, jua linawaka, anaita kwa sauti ya kinyonge, "Nimepotea jamani." Kipaza alipita zake na ndoo ya maziwa. "NAKUONA, BWANA. INUKA, UTAPATA SIAFU." Ila ukungu ukishuka kweli, alipanda kwenye jiwe, na ng'ambo walikuwa tayari.

Tangazo lilibadilishwa. Dada Mkubwa, kwa uaminifu wake, aliandika kwamba kuna watu, ni wengi kiasi, na wana kelele. Jogoo alirudishwa. Nakuja aliacha kupalilia akiwa amelala, ingawa anasema kiuno chake hakijawahi kuwa kizuri kama wakati ule.

Mwaka uliofuata alikuja bibi mmoja aliyewahi kuwa mwashi, mfupi, mikono migumu. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Wengine wote kabla yake walipiga hatua nyuma Kipaza alipowasalimia. Huyu alipiga hatua mbele. Kipaza alikuwa zizini anaita ng'ombe, na bibi huyo alikuwa amekaa kijumbani, mgongo umeegemea ukuta. Aliweka kiganja kwenye mbao, akakiacha hapo. Halafu akateremka mteremko mzima mpaka zizini.

"NI WEWE UNAYETIKISA NYUMBA?" aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye haisikii sauti yake mwenyewe.

Kipaza alishtuka. Hakuna mtu aliyewahi kumsemesha kwa kipimo kile. "NI MIMI, BIBI! NIMEKUSUMBUA?"

Bibi aliyasoma maneno midomoni mwake bila shida, maana Kipaza alifungua kinywa kuliko watu wote. "HAPANA! ENDELEA! NA HUYU NG'OMBE MWEKUNDU MBONA ANACHECHEMEA?"

"ALIKANYAGA MSUMARI!"

"ULIMWEKEA NINI?"

"CHUMVI!"

"CHUMVI! NANI KAKUFUNDISHA?"

Nakuja aliwasikia akiwa chemchemi. Aliposhuka na ndoo yake bado walikuwa wanaendelea, wamekaa juu ya boriti moja, miguu inaning'inia. Walikuwa wameshatoka kwenye kwato wakaingia kwenye namna ya kuchanganya chokaa, wanabishana kwa nguvu zao zote, na hakuna aliyekuwa amekasirika.